Slabu Nambari Kumi na Saba

Tingatinga lingelimaliza kwa siku mbili.
Sisi tuliomba siku arobaini, kama wafiwa.
Wakala wa mwenye jengo akacheka, akatazama saa,
akatupa thelathini na moja.

Tukaanzia juu, pale wajenzi walipomalizia,
tukashuka kinyumenyume hadi kwenye msingi:
kwanza mabati, kisha misumari ya mabati
(Wekhomo aliijaza kwenye debe la mafuta, hakuacha hata mmoja),
kisha madirisha ya chuma, bawaba zake zikilia,
kisha ngazi, kipande kwa kipande,
mpaka sisi wenyewe tukashuka kwa kamba.

Kubomoa ni kazi ya hasira.
Hii yetu ni kufumua,
kama unavyofumua nywele za mtoto aliyesinzia pajani:
ukivuta kwa pupa, utamwamsha na kilio.

Mimi kazi yangu ni chaki.
Boriti ikilegea, naiandika.
Slabu ikitoka kwenye maungio yake, naiandika,
na mshale, ili huko iendako
wajue upande gani ulizoea kubeba.

"Zege halilali," husema mafundi wakilikoroga,
yaani limwage leo, kesho si lako.
Lakini hili lilikuwa limelala.
Limelala tangu mama yangu hajaota meno,
juu ya vyerehani vya Virchand na Wanawe,
juu ya redio, juu ya madeni,
likinyeshewa na mvua ya Kisumu ya saa kumi
inayokuja kama mtu aliyesahau ufunguo.
Tulipolipiga tindo la kwanza
lilitoa vumbi jeupe, likakohoa,
na harufu ya mchanga wa mto ikatoka,
mbichi.

Ogola hunyoosha nondo juu ya kipande cha reli.
Ukimwambia samaki mkunje angali mbichi
atakuonyesha rundo lake:
"Hizi ni bibi zangu. Tazama zilivyonyooka."
Ta. Ta. Ta. Kuanzia asubuhi hadi uji,
kuanzia uji hadi jua la Kibuye linapokuwa la shaba.

Slabu ya tisa ilituponyoka.
Mnyororo uliteleza, hakuna aliyepiga kelele kwa wakati.
Ikawa kokoto, na kidole cha Mukhwana kikawa kifupi.
Siku hiyo sikuandika kitu.

Ya kumi na saba tulipoibandua terazo
tulikuta nyayo za mbwa.
Nne zikienda mbio, moja imeteleza,
kisha hakuna.
Nadhani mtu alimfukuza kwa koleo,
akainama alisawazishe zege, akaghairi,
au kengele ya chakula ikalia,
au alikuwa na mbwa wa namna hiyo kwao, Alego, Bunyore, sijui.
Hakuna palipoandikwa jina lake.
Mwenye jengo jina lake lilikuwa mlangoni, kwa herufi za shaba,
tuliziuza kwa kilo.

Wakala akaja na mwavuli.
"Hiyo ina kasoro. Ipondeni."
Nikachukua chaki nikaandika 17,
nikaandika tena, kubwa zaidi,
mpaka akaona aibu au akachoka,
nami sikuuliza ni lipi.

Sasa iko Nyalenda, juu ya mtaro
uliokuwa ukimeza viatu vya wanafunzi kila Aprili.
Ilikwenda kwa mkokoteni, watu sita na matusi.
Mama wa mkaa hupita juu yake, na pikipiki,
na jeneza lilipita mara moja, polepole.
Haijalalamika. Ilishabeba vyerehani.

Jana nilipita baada ya mvua.
Maji yalikuwa yametuama kwenye nyayo,
vidimbwi vitano vya ukubwa wa kizibo cha soda,
na kifaranga kimoja kikinywa,
kikiinua shingo, kikinywa.
Namba yangu ilishafutika.
Chaki ilikuwa mfukoni.
Niliiacha humo.